Baiskeli ya Bibi na Bomba Lisilokuwapo

Wiki hii tuache bei ya sukari, tuzungumze juu ya baiskeli moja ya kike. Ni Raleigh nyeusi ya marehemu bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mkunga. Ililala stoo miaka mingi, kuku wakitagia kwenye karia. Binti yangu kapata kazi ya kushona nguo sokoni, na nauli inammaliza. Akaniuliza, "Baba, ile ya bibi si ipo?"

Fundi wa kwanza aliitazama, akacheka. Alitaka kuchomelea bomba la juu, kutoka chini ya kiti hadi shingoni, ili iwe "baiskeli ya maana" inayobeba magunia. Nikamwambia asubiri.

Bomba hilo lisilokuwapo lina historia yake. John Kemp Starley alitoa Rover yake huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885, na mnyororo ukizungusha gurudumu la nyuma kama tunavyouona leo. Mwaka 1888 Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akaleta tairi la upepo. Wanawake nao wakataka kupanda, lakini magauni ya enzi hizo yaliburura chini. Basi badala ya kupunguza gauni, wenye viwanda wakashusha bomba! Mnyororo wakaufunika, na gurudumu la nyuma wakalizungushia nyuzi nguo isinaswe.

Gharama yake ilikuwa uzito. Bomba la juu ndilo linaloifunga fremu isipinde. Ukiliondoa, lazima uongeze chuma kwingine. Annie Londonderry aliondoka Boston, Marekani, Juni 1894 kuizunguka dunia, akiwa na gauni refu na baiskeli ya kike ya kilo 19 hivi. Alipofika Chicago aliiacha, akachukua ya kiume iliyokuwa karibu nusu ya uzito huo. Simlaumu. Lakini yeye hakuwa akienda sokoni na khanga kiunoni.

Nirudi kwa bibi. Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba aliinunua mpya mwaka wa Uhuru, 1961. Nilipokwangua kutu kwenye habu ya nyuma, Sturmey-Archer ya gia 3, zikajitokeza herufi AW, kisha 56 na 3. Kiwanda kile kilikuwa na desturi ya kugonga mwaka na mwezi. Machi 1956! Nilipomsomea mama, alinuna. "Kwa hiyo mama yangu alinunua mtumba?" Pengine ilikaa dukani, pengine ilikuwa na mwenyewe kabla yake. Lakini kama ilikuwa yake tangu mwanzo, basi mwanamke yule alikuwa akikanyaga pedali kwenda kuzalisha wenzake wakati TANU ina umri wa miaka miwili tu, na hakuna aliyetusimulia hilo.

Matengenezo yenyewe yalitupa somo. Fundi wa pili alizigonga kotapini za pedali kwa nyundo mpaka zikapinda, ikabidi zitobolewe kwa keekee. Vikombe vya katikati nilimkataza kuvitupa, maana Raleigh ilikata nyuzi zake 26 kwa inchi na za wengine ni 24. Kipya cha dukani hakiingii. Tulibadili gololi tu, za robo inchi, 11 kila upande. Gia zilikuwa zimeganda, tukazilaza usiku kucha na mafuta ya taa, kisha matone ya oili nyepesi. Tairi za inchi 28 kwa moja na nusu hazikutusumbua: baiskeli za Kichina na za Kihindi zinavaa saizi hiyo hiyo, na Mwingereza mwenye baiskeli kama hii angezitafuta kwa tabu kuliko sisi.

Breki za fito zimebaki zile zile, ila raba mpya. Mvua ikinyesha hazishiki vizuri, na binti nimemwonya juu ya ule mteremko wa kuingia sokoni. Kwa siku 9 sasa anakwenda na kurudi nayo, cherehani ya mkono imefungwa kwenye karia.

Mama bado hajaikubali ile 56. Jumapili anakuja na miwani yake, aisome mwenyewe.