Kusoma Kitabu na Kukariri Kitabu

Watu wanapozungumzia utamaduni wa taifa aghalabu hutaja ngoma, mavazi, vyakula, methali na miviga. Ni nadra kumsikia mtu akitaja namna tunavyosoma. Hata hivyo, jinsi mtu anavyokishika kitabu, anavyokihoji na anavyokifunga ni mila kama mila nyingine: imerithiwa, ina asili yake, na yaweza kubadilika. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi tulivyofika hapa tulipo, mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari aweza kukaa na kitabu cha historia muda wa saa tatu, akakipigia mistari tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kesho yake asiweze kusema kitabu kile kilikuwa kikieleza nini. Wapo wasemao kuwa huo ni uvivu. Mimi sikubaliani nao. Mwanafunzi huyo hufanya kazi ngumu sana. Ila kazi yenyewe ni ya zama zilizopita, zama ambazo kitabu kilikuwa adimu.

Na tuanze pwani, maana huko ndiko maandishi yalikotangulia kukaa nasi. Mtoto wa chuoni alikuwa na ubao wa mti. Mwalimu alimwandikia aya, naye mtoto akaisoma kwa sauti asubuhi na jioni mpaka akaihifadhi. Kisha ubao ukaoshwa, zikaandikwa aya nyingine. Palipooshwa ubao, hapakuwa na mahali pengine pa kuyapata maneno yale isipokuwa kifuani mwa mtoto. Kuhifadhi kule hakukuwa kosa hata kidogo. Qurani ilitakiwa ikae moyoni kwa herufi zake zile zile, na aliyeihitimu alistahili heshima aliyopewa.

Lakini tunasahau kwamba katika jamii hiyo hiyo palikuwa na daraja la pili la usomaji, nalo ni darasa. Kijana aliyetaka kuendelea na fikihi au nahau aliketi mbele ya mwanachuoni pamoja na wenzake. Hapo hapakusomwa kurasa ishirini kwa siku. Kilisomwa kipande kidogo cha matini, mwalimu akakichambua neno kwa neno, wanafunzi wakauliza, na maelezo yaliyopatikana yakaandikwa pambizoni na baina ya mistari. Ukibahatika kuziona hati za kale zilizohifadhiwa Lamu au Unguja, utaona kurasa ambazo pambizo zimejaa kuliko matini yenyewe. Wale hawakuwa wakikariri. Walikuwa wakizungumza na kitabu.

Shule za kikoloni zilipokuja, zilituletea kitabu kilichopigwa chapa. Wamisionari walikuwa na mitambo yao ya kuchapia Unguja katika karne ya 19. Wajerumani wakafungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Waingereza wakaanzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili na kuvikagua vitabu vya shule. Mwaka 1948 likaanzishwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Hatua hizo zote zina faida zake, wala sina haja ya kuzirefusha hapa. Linalonihusu ni moja tu: vitabu viliongezeka, lakini havikutosha kamwe, na shule yenyewe ilikuwa chekeche. Wengi waliingia, wachache wakapenya, na aliyepenya alipata ukarani. Kwa hiyo daraja la kwanza la chuoni, lile la kuhifadhi, lilihamia shuleni likapewa kazi mpya ya kujibia mtihani. Daraja la pili, lile la darasa, likaachwa msikitini.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu iliyowafanya vijana wadhani kwamba maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma. Baadhi ya watu waliyachukua maneno hayo kana kwamba kitabu ndicho mkosaji. Nadhani mkosaji alikuwa yule aliyekisujudia.

Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo, kwa mujibu wa hesabu ya watu ya 1967, kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa taifa uliofanywa Agosti 1975 ulionyesha kuwa wasiojua wameshuka hadi asilimia 39. Takwimu hizo hutajwa mara kwa mara. Kisichotajwa ni namna ambavyo watu wale walifundishwa kusoma.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba hivi mama yangu alipokuwa akienda kisomo. Kwetu ni kandokando ya Ziwa Viktoria, na mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na Unesco na kuanzia Mwanza mwaka 1968, ulikuwa umeandaa vitabu kufuatana na kazi za watu: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi habari za uvuvi, mfugaji habari za ng'ombe. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, saa tisa alasiri, baada ya kazi za shamba. Nakumbuka siku moja lilisomwa somo la nafasi ya kuacha baina ya shina na shina. Mama akainua mkono akasema, “Mwalimu, samahani. Huyu aliyeandika hajaliona shamba langu. Kule bondeni udongo ni mweusi, pamba hurefuka ikazibana.” Mwalimu, kijana aliyemaliza darasa la saba tu, hakumkemea. Alisema, “Basi mama, panda mistari mitano kama kitabu kinavyosema na mitano kama ulivyozoea, kisha utuletee jibu.” Sijapata kumwona profesa aliyemfundisha mtu kusoma vizuri kuliko kijana yule.

Vikundi vya redio vilifuata mwendo huo huo kwa nchi nzima. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa muda wa wiki 12. Walisikiliza kipindi cha redio. Kisha mmoja wao aliyejua kusoma akasoma kwa sauti sura ya kijitabu. Kisha wakaulizana habari hizi zinakihusu vipi kijiji chao. Kisha wakaamua la kufanya. Waliamua kuchimba vyoo, kufyeka majani kandokando ya nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Sura moja, maswali, uamuzi. Lile darasa la msikitini lilikuwa limetoka nje likaketi chini ya mti.

Inasikitisha kwamba shule za sekondari hazikuurithi mwendo huo. Nilipoingia kidato cha kwanza, katikati ya miaka ya 1980, nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni. Karatasi zilikuwa shida, na tulitumia kitabu kimoja watu sita. Mwalimu wetu alifanya alichoweza: alikifupisha kitabu ubaoni, nasi tukanakili madaftarini, kisha tukakariri tulichonakili. Ubao ulifutwa kama ule wa chuoni ulivyooshwa.

Juu ya hayo palikuwa na shida ya lugha. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza tukavipokea vitabu vya Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikuukubali ushauri huo. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 uligundua kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma vitabu vyao. Mtu asiyeelewa sentensi afanye nini nayo? Ataibeba nzima nzima, kama mchukuzi abebavyo sanduku lililofungwa. Kukariri kwetu kulikuwa njia ya kujiokoa.

Gharama yake niliilipa baadaye, au tuseme kweli, alinilipia mtu mwingine. Mwanzoni mwa utumishi wangu nilikuwa karani mdogo katika ofisi moja ya wilaya. Mkuu wangu alinipa waraka mrefu juu ya posho ya uhamisho, akaniambia niusome hadi kesho yake. Niliusoma kama nilivyozoea, usiku kucha. Asubuhi alisema, “Kijana, funga jalada. Haya, yule mwalimu aliyeketi pale nje ana haki ya kulipwa au hana?” Nikaanza kumsomea aya ya kwanza kwa ghibu. Akanikatiza kwa upole, “Hiyo hata mimi nimeisoma. Nakuuliza waraka unatutaka tufanye nini.” Sikuwa na jibu. Mwalimu yule, aliyekuja na mkewe na mtoto mgongoni, aliambiwa arudi wiki ijayo. Haki yake ilikuwa katika aya ya tisa. Niliikariri pia, lakini sikuiona.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za namna ya kusoma, na nimegundua kwamba wataalamu wa mbali walifika pale pale walipokuwa wazee wetu. Mwaka 1946 Francis Robinson, wa Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, alitoa kitabu chake juu ya kujifunza. Humo alifundisha hatua tano: kuipitia sura juu juu kabla ya kuisoma; kuvigeuza vichwa vya habari kuwa maswali; kusoma ili kuyajibu maswali hayo; kufunga kitabu na kujisimulia; na kurudia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi. Kundi moja lilisoma matini mara mbili. Kundi la pili lilisoma mara moja, kisha likaandika lililoyakumbuka pasipo kuitazama matini. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojisimulia walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Hapa ndipo mwanafunzi anapodanganyika. Kurudia kusoma humpa utamu wa kudhani anajua, kwa sababu maneno yako mbele ya macho yake, na utamu huo haufiki siku ya mtihani.

Tuchukue mfano wa sura ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mwanafunzi asianze na sentensi ya kwanza. Atazame ramani, vichwa vya habari, na hasa maswali yaliyo mwishoni mwa sura, ambayo wengi huyaacha yakawa pambo tu. Ajiulize: watu waliokuwa hawana mfalme mmoja waliunganaje? Kwa nini walilimishwa pamba kwa nguvu, na nani alifaidika? Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Ilisababishwa na nini? Baada ya hapo ndipo asome, kipande kwa kipande, akitafuta majibu. Kila kipande akifunge kitabu, amsimulie mwenzake kwa Kiswahili, bila haya, kisha ajaribu kwa Kiingereza kama kitabu ni cha Kiingereza. Asiyeweza kulisimulia jambo kwa lugha anayoijua hajalielewa bado, na afadhali alijue hilo Jumanne kuliko chumbani mwa mtihani. Baada ya siku tatu asimulie tena, na baada ya wiki mbili tena.

Mwalimu mwenzangu ataniambia darasa lake lina wanafunzi themanini na vitabu ishirini. Namwelewa. Lakini kwa usomaji wa namna hii kitabu kimoja kwa wanne si msiba: mmoja asome, mmoja ashike maswali, mmoja asimulie, mmoja amsahihishe, kisha wabadilishane. Dakika kumi za mwisho wa kipindi, vitabu vikiwa vimefungwa na ubao umefutwa, zina thamani kuliko ukurasa mzima wa kunakili. Najua pia kuwa mkaguzi akija hutazama madaftari, na daftari lililojaa humpendeza. Hilo ni jambo ambalo wakaguzi na walimu wapaswa kulizungumza waziwazi.

Sisemi kwamba kuhifadhi kutupwe. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na mizani ya tungo niliipata kwa kuhifadhi tungo za waliotangulia, si kwa kuhesabu silabi kwa vidole. Jedwali la kuzidisha, majina ya elementi, miaka ya matukio makubwa, hayo hayana budi kukaa kichwani. Nasema tu kwamba daraja la kwanza lilikuwa na la pili juu yake, nasi tumekaa katika la kwanza mno.

Kitabu cha kisomo cha mama yangu ninacho hadi leo, jalada limetoka na panya wamekula pembe moja. Katika ukurasa wa nafasi za mashina pana tarakimu mbili za penseli pambizoni, zenye mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Ya juu ni idadi ya vikapu vya pamba vilivyotoka katika mistari ya kitabu, na ya chini ni ya mistari yake. Ya kitabu ilizidi kwa vikapu viwili. Chini yake ameandika neno moja: “Kweli.” Na kando ya neno hilo, kwa penseli nyingine iliyofifia zaidi: “Mlimani. Bondeni bado.”