Kikomo cha uzito wa mizigo ya mkononi katika ndege

Kikomo cha uzito wa mizigo ya mkononi ni kiwango cha juu cha kilo ambazo abiria anaruhusiwa kuingia nazo ndani ya ndege, tofauti na mizigo anayoikabidhi kaunta ili ipakiwe tumboni mwa ndege. Kwa mashirika mengi yanayohudumia Afrika Mashariki, kikomo hicho ni kilo 7 kwa abiria wa daraja la kawaida. Hakuna sheria moja ya dunia inayokipanga. Kila shirika hujiwekea chake kwa kuzingatia aina ya ndege zake na namna linavyofanya biashara, kisha hukiandika katika masharti ya tiketi. Anayenunua tiketi huwa amekubali masharti hayo hata kama hakuyasoma.

Katika kata ya Hasamba, Wilaya ya Mbozi, na katika miji ya Vwawa na Tunduma, suala hili linawahusu wasafiri wengi kuliko zamani. Ni wanafunzi, watumishi wa umma, wagonjwa wanaopewa rufaa kwenda Dar es Salaam, na wafanyabiashara wa mpakani wanaofuata bidhaa Dubai na China. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hutegemea Uwanja wa Ndege wa Songwe. Licha ya jina lake, uwanja huo uko Mkoa wa Mbeya, karibu na barabara kuu ya TANZAM iendayo Tunduma. Ulianza kupokea abiria Desemba 2012 na kuchukua nafasi ya uwanja mdogo wa zamani wa mjini Mbeya. Abiria aliyezoea basi, ambako mfuko wa mchele wa Kamsamba hupakiwa buti kwa maelewano na kondakta, hukutana hapo na utaratibu mwingine kabisa: kila kilo ina hesabu yake.

Historia

Kupima mizigo kulianza pamoja na usafiri wa anga wenyewe. Mwaka 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua safari za kutoka London hadi Cape Town, na Mbeya ilikuwa moja ya vituo, kati ya Dodoma na Mpika ya Zambia ya leo. Ndege za wakati huo zilibeba watu wachache na nguvu za injini zilikuwa ndogo, kwa hiyo abiria mwenyewe alipanda mizani pamoja na mabegi yake. Uzito wa mwili na wa mzigo uliingia katika hesabu moja.

Injini zilipoongezeka nguvu, watu wazima waliacha kupimwa katika ndege kubwa na kukadiriwa kwa wastani. Mizigo iliendelea kupimwa. Kwa miaka mingi sehemu iliyo juu ya viti ilikuwa rafu ya wazi ya kuwekea kofia, makoti na blanketi, isiyofaa kwa kitu kizito. Makabati yenye milango yalienea katika miaka ya 1970, baada ya Boeing 747 kuanza kazi mwaka 1970, na hapo ndipo begi kamili lilipopata mahali pa kukaa ndani ya ndege.

Mabadiliko mengine yaliletwa na bei. Mwaka 2008 American Airlines ilianza kutoza malipo kwa begi la kwanza la kukabidhi katika safari za ndani ya Marekani, na mashirika mengine yakafuata. Abiria wakahamishia vitu vyao katika begi la mkononi, makabati yakajaa, na usimamizi wa vipimo ukawa mkali. Tanzania ilionja mtindo huo Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuuza tiketi za bei nafuu ambazo gharama ya begi la kukabidhi ililipiwa peke yake. Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo vya shirika hilo, lililosimamisha safari zake nchini mwishoni mwa mwaka 2018.

Sababu za kuweka kikomo

Sababu ya kwanza ni uzito wa ndege yenyewe. Kila ndege ina uzito wa juu usioruhusiwa kuzidishwa wakati wa kuruka, na ndani yake yamo mafuta, abiria, mizigo na shehena. Kwa kuwa abiria hawapimwi mmoja mmoja, hesabu hufanywa kwa wastani. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, huhesabu kilo 84 kwa mtu mzima katika ndege yenye viti 30 au zaidi, na begi lake la mkononi limo katika kilo hizo. Abiria wakizidisha mizigo ya mkononi, ndege huruka na uzito ambao rubani hana habari nao. Ndege aina ya Dash 8 Q400 ya Air Tanzania ina viti 76. Kila abiria akiingia na kilo 12 badala ya 7, ndege imebeba kilo 380 za ziada, sawa na kupakia watu wazima zaidi ya wanne wasioonekana kwenye karatasi.

Hesabu hiyo ina uzito zaidi katika nyanda za juu. Uwanja wa Songwe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ule wa zamani wa Mbeya ulikuwa mita 1,700 hivi. Kadiri mahali panapoinuka, hewa huwa nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuacha ardhi. Songwe ina njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, na urefu huo husaidia kufidia wepesi wa hewa.

Sababu ya pili ni usalama wa waliomo ndani. Kabati la juu ya viti limetengenezwa kubeba uzito maalumu, na kiwango hicho huandikwa kwenye kibandiko ndani ya kabati lenyewe. Ndege ikitikiswa na msukosuko wa hewa, au mlango ukifunguliwa baada ya kutua, begi zito laweza kumwangukia aliyeketi chini. Aidha, ndege kubwa ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu tu ya milango ikitumika. Begi lililoangukia njiani, au abiria anayeng'ang'ania kulishusha, huzipoteza sekunde hizo. Ndiyo maana wahudumu huamuru kila kitu kiachwe wakati wa kuokoa maisha.

Sababu ya tatu ni nafasi na muda. Ndege za mapangaboi kama Q400 na ATR za Precision Air zina makabati madogo kuliko ya Airbus A220 yenye viti 132. Begi linaloingia bila shida katika ndege moja hukataliwa katika nyingine, na kila begi linalorudishwa mlangoni huchelewesha safari.

Viwango vya mashirika

Air Tanzania na Precision Air huruhusu kilo 7 kwa abiria wa daraja la kawaida. Ethiopian Airlines, Emirates, Qatar Airways na Oman Air nazo hutumia kilo 7, Turkish Airlines kilo 8, na Kenya Airways kilo 12. KLM huruhusu kilo 12 pia, lakini jumla hiyo ni ya begi pamoja na mkoba mdogo. Abiria wa daraja la biashara kwa kawaida hupewa zaidi, ama kwa kilo ama kwa idadi ya mabegi.

Ndege ndogo za kwenda Zanzibar, Mafia na kwenye hifadhi za wanyama zina utaratibu wao. Katika Cessna Caravan za mashirika kama Coastal Aviation na Auric Air, kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwa mizigo yote, ya mkononi na ya kukabidhi ikijumlishwa, na mabegi laini ndiyo yanayotakiwa kwa sababu begi gumu halikunjiki ndani ya nafasi iliyopo.

Uzito huenda sambamba na ukubwa. Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga, IATA, kilichoanzishwa Havana mwaka 1945, kinapendekeza begi lisizidi sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu na mpini vikiwemo. Pendekezo hilo halina nguvu ya sheria. Ethiopian hutumia sentimita 55 kwa 40 kwa 23, na KLM 55 kwa 35 kwa 25. Mwaka 2015 IATA ilijaribu kuleta kipimo kimoja kidogo zaidi, cha 55 kwa 35 kwa 20, lakini upinzani ukawa mkubwa na mpango ukasitishwa. Mbali na begi, mashirika mengi huruhusu kitu kimoja kidogo cha kuweka chini ya kiti, kama pochi au mfuko wa kompyuta.

Upimaji

Begi hupimwa kwenye kaunta ya kuandikisha abiria, na baadhi ya mashirika hulipima tena kwenye mlango wa kuelekea ndegeni. Ukubwa hupimwa kwa fremu ya chuma, na begi lisiloingia humo bila kusukumwa huhesabiwa limezidi.

Kilo 7 huisha haraka kuliko abiria wengi wanavyodhani. Begi gumu la magurudumu, likiwa tupu, huweza kuwa na kilo 2.5 hadi 3. Kompyuta mpakato na chaja yake huchukua kilo 2 hivi. Kinachobaki ni kilo 2, zinazotosha nguo za siku mbili na pakiti moja ya nusu kilo ya kahawa ya Mbozi. Begi la kitambaa la mgongoni, lisilofika kilo 1, humwachia abiria yuleyule takriban kilo 2 zaidi.

Upimaji wa nyumbani huondoa mashaka. Mizani ya magunia inayotumika kupimia kahawa na mahindi haifai sana kwa uzito mdogo kama huu. Mizani ya dukani au ya ndoano inatosha. Anayetumia mizani ya bafuni hujipima akiwa amebeba begi, kisha mikono mitupu, na tofauti ndiyo uzito wa begi.

Safari yenye zaidi ya shirika moja

Katika safari ya kuunganisha, mzigo wa mkononi hufuata kanuni ya shirika linalorusha ndege husika. Mfanyabiashara wa Tunduma anayeondoka Songwe kwa Air Tanzania, akapanda Kenya Airways kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi na kuendelea na shirika la Ghuba, hawezi kutegemea kilo 12 za katikati. Kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala safari nzima. Vivyo hivyo kwa anayevuka mpaka wa Nakonde kuingia Zambia na kupandia ndege Lusaka: masharti yanayomhusu ni ya shirika linalorusha ndege yake, si ya nchi anakoondokea.

Vitu vyenye masharti ya pekee

Kilo zikitosha, bado vitu vyenyewe hukaguliwa. Baada ya njama ya kulipua ndege kwa vimiminika kugunduliwa London Agosti 2006, viwanja vingi vya kimataifa viliweka sharti kwamba kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie katika mfuko angavu wa lita 1. Asali, samli na siagi ya karanga huhesabiwa kuwa vimiminika, kwa hiyo kopo la asali lenye uzito wa kilo moja mahali pake ni begi la kukabidhi. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mfuko huo mdogo wa kufunga wa wasafiri uliachwa nje ya katazo.

Betri za akiba na pawabenki hufuata mkondo wa kinyume: lazima ziwe ndani pamoja na abiria, kwa sababu moto wa betri huweza kuonekana na kuzimwa mapema. Kiwango cha kawaida ni wati-saa 100. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, hivyo inaruhusiwa. Zaidi ya 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika.

Uzito uliozidi na haki za abiria

Begi lililozidi huwa na njia tatu: kupunguzwa, kukabidhiwa kama sehemu ya kilo za mzigo mkubwa ikiwa bado zipo, au kulipiwa. Malipo hayo mara nyingi huwa nafuu yakifanywa mapema kuliko kwenye kaunta. Wapo wanaovaa makoti mawili au kujaza mifuko ya nguo. Hilo huokoa fedha, lakini uzito uleule unabaki ndani ya ndege.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, hutenganisha aina mbili za mizigo katika safari za kimataifa. Kwa mzigo uliokabidhiwa, shirika huwajibika ukipotea au ukiharibika likiwa linaushikilia, isipokuwa hasara imetokana na kasoro ya mzigo wenyewe. Kwa mzigo wa mkononi, huwajibika pale tu hasara inapotokana na kosa lake au la watumishi wake. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo wa fidia ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Malalamiko ya mzigo uliokabidhiwa na kuharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya uliochelewa ndani ya siku 21.

Begi la mkononi linalochukuliwa mlangoni na kuwekewa lebo huwa limegeuka mzigo wa kukabidhi, na kipande cha lebo ndicho ushahidi wa abiria. Kabla ya kulitoa, abiria huondoa pasipoti, dawa, fedha na pawabenki na kubaki navyo mwilini au katika mfuko mdogo.