Kasoro ya kiwandani na sarafu iliyoghushiwa

kasoro ya kiwandani nm [i-/zi-] hitilafu iliyoingia katika sarafu ilipokuwa ikitengenezwa, kabla haijatoka kiwandani: k.v. ufa wa muhuri, chapa iliyokaa upande, au kisahani cha madini yasiyokusudiwa.

-ghushi kt kubadili kitu halisi kwa siri ili kudanganya. *Sarafu iliyoghushiwa* ni sarafu halali iliyochongwa, iliyopakwa au iliyoungwa baada ya kutoka kiwandani.

Matumizi
Istilahi hizi zikichanganywa katika mauzo, anayeumia ni mnunuzi: kasoro adimu huipandishia sarafu thamani, ilhali ughushi huiondoa. Vigezo ni viwili: wakati na nia. Sarafu iliyokanyagwa na gari au kuliwa na tindikali haina kasoro ya kiwandani, wala haikughushiwa, *imeharibika*. Kauli ya kutendeka inafaa hapo kwa kuwa haimhitaji mtenda. Palipo na mtu aliyekusudia kudanganya, tumia kauli ya kutendwa: *imeghushiwa*. Neno *bandia* libaki kwa sarafu ambayo tangu mwanzo haikutengenezwa na kiwanda halali.

Mfano
Mwaka 1943 shaba ilihitajika vitani, hivyo Marekani ikatengeneza senti zake kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyokuwa vimesalia vilipigwa chapa ya mwaka huo kimakosa. Hiyo ni kasoro ya kiwandani, na senti hizo ni ghali mno. Ughali huo umezaa ughushi wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni senti ya chuma iliyopakwa shaba. Hunaswa na sumaku, na uzito wake ni takriban gramu 2.7, ilhali ile ya shaba ina gramu 3.11.

Namna ya pili ni senti ya 1948 ambayo upande wa kushoto wa tarakimu 8 umechongwa ili isomeke 3. Hii ni ya shaba kweli. Sumaku na mizani haziwezi kuifichua. Hapo hutumika lenzi: mkia wa 3 halisi ya 1943 hushuka chini ya tarakimu nyingine, na palipochongwa huonekana mikwaruzo.

Sahihi: *Senti hii ya shaba ya 1943 ina kasoro ya kiwandani.*
Sahihi: *Tarakimu ya mwaka imeghushiwa.*
Si sahihi: *Nauza senti ya chuma yenye kasoro, imepakwa shaba.*

Tanbihi
Anayeambiwa kuwa sarafu ina "kasoro" aulize kwanza: iliipata lini, na kwa mkono wa nani? Muuzaji asiyeweza kujibu hana haki ya kulitumia neno hilo kupandisha bei.