Haruna Atasaini Wapi?

Ukitoka Gisenyi mjini, nchini Rwanda, ukaufuata ufuko wa Ziwa Kivu kuelekea kusini, unafika Rubona. Kuna kiwanda cha bia kilichoanzishwa 1957, kuna bandari ndogo, na kuna mitumbwi ya kuvulia samaki wadogo waitwao sambaza, iliyounganishwa mitatu mitatu ikingoja giza. Kiswahili cha hapa ni cha mpakani, Goma ya Kongo ikiwa jirani kabisa, na ndicho kilichofanya habari za ligi ya Tanzania zisikike huku kama habari za nyumbani. Katika habari hizo, hakuna jina lililokuwa na uzito kama la kiungo Haruna Niyonzima.

Alizaliwa Gisenyi Februari 5, 1990. Etincelles, timu ya mji huo, ndiyo iliyomtoa, kisha akapita Rayon Sports na APR kabla ya Yanga ya Dar es Salaam kumchukua mwaka 2011. Huko wakampa jina la Fabregas kwa jinsi alivyotuliza mpira kabla ya kuachia pasi. Jezi namba 8 ilikuwa yake. Ndani ya miaka sita Yanga ilichukua ubingwa wa ligi mara nne, na wa mwisho, wa msimu wa 2016/17, ulipatikana kwa tofauti ndogo mno: Yanga na mahasimu wao Simba zilimaliza na pointi 68 kila moja, tofauti ya mabao ndiyo ikaamua.

Basi fikiria hali ilivyokuwa Juni 2017, mkataba wake ulipokuwa ukingoni.

Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji aliyebakiwa na miezi sita au chini ya hapo kuzungumza na klabu nyingine, na siku mkataba unapokwisha huondoka bure. Haki hiyo ina asili yake katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya Desemba 1995. Lakini anayebaki mikono mitupu ni klabu anayoiacha tu. Klabu inayomtaka, kwa kuwa haina ada ya uhamisho ya kulipa, huweza kuweka fedha hiyo mezani kwa mchezaji mwenyewe kama dau la kusaini. Ndiyo maana mchezaji huru hugombewa kuliko mwingine yeyote, na ndiyo maana tetesi zake hazilali.

Za Haruna hazikulala. Leo anabaki Jangwani, yaani Yanga, kesho ameshamalizana na Msimbazi, yaani Simba. Waliosema anabaki walihesabu miaka sita na makombe. Waliosema anaondoka walitazama mifuko, na kwa maoni yangu hao ndio waliosoma mambo vizuri. Yusuf Manji, aliyeibeba Yanga kwa fedha zake, alikuwa amejiuzulu uenyekiti Mei mwaka huo huo. Upande wa pili Simba, isiyogusa kombe la ligi tangu 2012, ilikuwa inanunua kwa njaa: mshambuliaji Okwi alirudi, na kutoka klabu ya Azam wakaja Manula, Bocco, Nyoni na Kapombe. Yanga ilipotangaza kwamba imeshindwa kukubaliana na kiungo wake, jibu likawa limeshajulikana hata kabla ya mkataba mpya kusainiwa.

Akavuka kwenda Simba. Wapo mashabiki wa Yanga waliochoma jezi yake moto, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Mtu aliyemaliza mkataba wake hadi siku ya mwisho hakuvunja ahadi yoyote. Agosti 8, kwenye Simba Day, siku ya Simba kutambulisha kikosi chake, wageni walioalikwa walikuwa Rayon Sports, timu yake ya zamani kutoka kwao Rwanda.

Ubingwa Simba iliupata 2018, ingawa majeraha yalimweka Haruna nje kwa muda mrefu wa msimu huo. Mwaka 2019 alikwenda AS Kigali, na kabla mwaka uliofuata haujakolea akawa amerudi Yanga, kwenye mikono ya mashabiki walewale. Mwaka 2021 aliagwa pale kwa heshima.

Julai 2024, akiwa na miaka 34, alisaini tena Rayon Sports, klabu aliyoiacha akiwa kijana wa miaka 17. Haikuchukua muda wakaachana, na swali la 2017 likarudi vinywani: sasa atasaini wapi?