Kulegeza Masharti Mpakani: Tunduma na Nakonde, 2020

Ukitaka kuelewa jinsi masharti ya korona yalivyolegezwa, usianzie Dodoma. Anzia Chapwa, ndani ya Halmashauri ya Mji Tunduma, mkoani Songwe. Huku nchi nyingine haiko mbali: Tunduma na Nakonde ya Zambia zimegusana, na watu wanavuka kununua na kuuza kila siku.

Twende na tarehe. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa 16 Machi 2020, na kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Masoko hayakufungwa, ushauri ukawa kunawa mikono na kuepuka misongamano.

Tarehe 9 Mei Zambia ikatangaza wagonjwa wapya 85, na 76 kati yao walikuwa wa Nakonde peke yake. Rais Edgar Lungu akaufunga mpaka. Siku chache baadaye ukaanza kufunguliwa taratibu, mizigo kwanza. Na sisi je? Mwezi huohuo tulikuwa tunalegeza. Tarehe 18 Mei karantini ya siku 14 kwa wanaoingia kwa ndege ikaondolewa. Vyuo na kidato cha sita vikafunguliwa 1 Juni, shule nyingine 29 Juni.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama anayeuza nyanya mpakani. Upande mmoja wanafunga, upande wa pili wanafungua. Amsikilize nani?

Hapa sayansi ina la kusema. Mtu akiambukizwa korona, dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 14. Kwa hiyo ukifungua shule leo, matokeo utaanza kuyaona wiki mbili au tatu baadaye. Kulegeza vizuri ni kufungua kidogo, kuhesabu wagonjwa, kusubiri, halafu kuamua. Ni kama dereva wa lori anayeteremka mlima Senjele usiku: anaweza kuachia breki kidogo kidogo, ila lazima taa ziwake.

Taa zetu zilizimwa mapema. Kuanzia Mei 2020 takwimu za taifa zilibaki palepale, wagonjwa 509 na vifo 21, kwa zaidi ya mwaka. Nakonde walikuwa na namba, Tunduma wakawa na neno moja tu: "chukueni tahadhari." Tahadhari kiasi gani, mpaka lini? Kila mtu akajipimia mwenyewe. Mwelekeo ulibadilika 2021, takwimu zikaanza kutolewa tena na chanjo ikazinduliwa 28 Julai.

Dharura ya korona ilitangazwa kuisha na Shirika la Afya Duniani 5 Mei 2023, lakini magonjwa hayajaacha kuvuka mipaka. Siku tukiambiwa tena "masharti yamelegezwa", tuulize mambo matatu: kipi kimeruhusiwa, kipi kimebaki, na namba ipi ikifikiwa tutafunga tena. Mpakani pana swali la nne: je, wenzetu wa Nakonde wameambiwa hivyohivyo?