Unyakuo Tunaouimba
J. A. Wray wa CMS alipofika Sagalla mwaka 1883, fundisho la kanisa kunyakuliwa kabla ya dhiki kuu lilikuwa na miaka 50 hivi. John Nelson Darby alilieneza kuanzia miaka ya 1830. Biblia ya Scofield (1909) ikalisambaza zaidi. Wanaolishika na wanaolikataa, wote hufungua 1 Wathesalonike 4:17. Mimi husimama kwenye neno “kumlaki”. Kwa Kigiriki ndilo lililomo Matendo 28:15: ndugu wa Rumi walitoka kumlaki Paulo, wakaingia naye mjini. Mgeni hulakiwa njiani, kisha huletwa nyumbani. Wenzangu wa besi hunijibu kwa Yohana 14:3, kwamba Bwana atatukaribisha kwake, na jibu lao si dogo. Ila Paulo alikuwa akiwaandikia waliofiwa. Ndiyo maana hapa Miasenyi unyakuo tunauimba zaidi matangani.