Ziara za nyumbani kwa familia zenye watoto wadogo (Marekani)

Ni huduma ambayo mhudumu humfuata mzazi kwake, kuanzia ujauzito hadi mtoto akaribie kuanza shule. Fungu lake kuu la serikali ya shirikisho, liitwalo MIECHV kwa kifupi, lilianzishwa mwaka 2010 kupitia sheria ya mageuzi ya afya. Majimbo hupokea ruzuku, nayo huzifikisha kwa idara za afya na asasi za mitaani. Sheria ya Desemba 2022 ilipandisha fungu hilo kutoka dola milioni 500 mwaka 2023 hadi milioni 800 mwaka 2027. Ili kupata nyongeza, jimbo sharti lichangie robo.

Sehemu ya fungu hilo inayotengewa makabila ya wenyeji asilia iliongezwa kutoka asilimia 3 hadi 6, na huko ndiko jamii inakoshika usukani hasa. Mpango wa Family Spirit, uliobuniwa na Wanavajo na Waapache pamoja na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huajiri watu wa jamii ileile, wanaobisha hodi wakiwa si wageni. Kwingineko, fedha nyingi huenda kwa mipango iliyothibitishwa na utafiti, kigezo cha busara ambacho vikundi vichanga hukimudu kwa shida.